Gari ya Muyinga Iliyokataa Makona

Vijana wangu wa gereji, mi nimestaafu kwa sababu magoti yamekataa, si kwa sababu nimeshiba kazi. Na nisiwafiche, nimechoka pia. Nilidhani nikijikalia hapa Nyamugari mjini Gitega kwenye kibaraza changu mtaniacha nipumue, lakini kila baada ya alasiri mmoja wenu anapita na swali lile lile: Papa Zaina, ile gari ya ndugu wawili wa Muyinga ilikuwaje? Hata mliokuwepo mmeshaikoroga. Mmoja amesikia eti nilisoma dua juu ya boneti. Mwingine anaapa kwamba nilifungua bwati ya vitesi, yaani giaboksi, na kukuta msumari ndani. Wapi! Hakukuwa na dua wala msumari. Kulikuwa na waya mmoja, na kijana mmoja aliyekuwa karibu kufukuzwa nyumbani kwa ajili ya waya huo. Nitaandika mara moja, msome, halafu mniache nilale.

Lakini nianze mwanzo, maana mkianzia kwenye gari ile mtadhani nilizaliwa najua.

Siku ya kwanza kwa Mzee Kassim, fundi aliyenifunza kazi, nilikwenda na shati jeupe la Ijumaa. Mama yangu alidhani kazi ya umeme wa magari haina uchafu, kwamba ni kazi ya kukaa na kuunganisha taa. Mzee Kassim alinitazama kuanzia kola mpaka viatu, akanipa karai la petroli lililojaa nati na bolti zenye grisi, akasema nizioshe. Nikaosha mpaka adhuhuri. Nikamuuliza, "Mzee, umeme uko wapi?" Akasema, "Osha tu, sha. Umeme utakukuta hapo hapo." Shati lile mama alilifanya tambara la kudekia.

Mzee Kassim hakuwa mtu wa maneno. Hakunifundisha kwa kukaa chini kunieleza, alinifundisha kwa kunipiga mkono kila nilipogusa gari kabla ya kumsikiliza mwenye gari. Swali lake lilikuwa moja, anawauliza wakubwa na wadogo, mapadri na mahaji: "Mkono wa mwisho kuigusa ni wa nani?" Wateja walikuwa wanakasirika, wanadhani anawatuhumu. Yeye hakujali. Alikuwa anasema gari ina njia mbili tu za kuharibika, uzee na mikono ya watu, na uzee unakuja polepole na kupiga hodi.

Kifaa changu cha kwanza nilikitengeneza mwenyewe: balbu ndogo ya indiketa, waya mbili, na spoki ya baiskeli niliyoinoa kwenye jiwe. Unabana waya mmoja kwenye bodi ya gari, unachoma spoki kwenye waya unaoutilia shaka. Ikiwaka, umeme upo. Isipowaka, haupo. Nilikuja kuwa na testa ya namba, ile mnayoigombania nyinyi, na ni kitu kizuri, sikatai. Ila taa ya spoki inasema ndiyo au hapana. Testa inaweza kukwambia labda kutwa nzima mpaka kichwa kikuume.

Kwa taa hiyo hiyo ndiyo nilimponya mfanyabiashara mmoja wa Buraza na pikapu yake, iliyokuwa inazima kila akitoka sokoni. Buraza nzima walishakubaliana kwamba jirani yake amemroga. Mi nikafungua boneti, nikakuta maganda ya karanga. Alikuwa anabeba karanga, magunia yanamwaga, panya wamehamia juu ya injini kwenye joto, na wakimaliza karanga wanatafuna waya. Nikamwambia, "Bwana, mchawi wako iko na mkia." Hakucheka. Nadhani alikuwa amezoea kumchukia jirani, na kuacha ni kazi.

Basi miaka ikaenda, zikaja hizi gari za otomatiki, bwati inajibadilishia vitesi yenyewe na dereva amekaa kama mgeni. Hapo wazee wengi walitupa spana. Mi sikuwa na pa kuzitupa, nikajifunza. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wenu mnapotea. Ndani ya mafuta ya bwati kuna kidude kidogo kama punje ya hindi, sisi tunakiita kapta, wenzetu wa Tanzania wanakiita sensa. Kazi yake ni kumwambia kompyuta mafuta yana joto kiasi gani. Joto likipanda, kapta inaachia umeme upite kwa urahisi. Joto likishuka, inabana. Kompyuta inatuma umeme kidogo, inaangalia umebaki kiasi gani, inakadiria joto. Ikiona moto mkali inaogopa, inafunga vitesi vya juu ili bwati isiungue. Kwa hiyo waya ukikatika, umeme haupiti kabisa, kompyuta inaona baridi kali. Waya ukigusa bodi ya gari, umeme unakimbia wote, kompyuta inaona moto. Shikeni hilo. Mengine yote ni jasho.

Mi nililishika kwa sufuria. Nilichukua kapta nzima niliyoitoa kwenye bwati iliyokufa, nikaitumbukiza kwenye maji ya chai ya mke wangu jikoni, nikashika testa nikaangalia namba za ule mbano zikishuka taratibu kadiri maji yanavyopata moto. Zinashuka taratibu, sikia neno hilo, haziruki. Mke wangu alipoingia akaona waya zinatoka kwenye sufuria yake ya chai, alisema maneno ambayo siyaandiki.

Sasa tuje kwa wale ndugu.

Walifika asubuhi, wametoka Muyinga kupitia Karuzi, na gari dogo la Kijapani, lile la viti vya abiria na nafasi ya mzigo nyuma. Mkubwa anaitwa Melkiori, mtu mzima mwenye kofia ya pama na mkono wa kulima. Mdogo anaitwa Yusto, ndiye shofa. Walinisalimu "Shikamoo mzee" wote wawili, nikajua hapo hapo. Hawa ni wale waliokulia Tanzania kwenye kambi wakarudi wakubwa, wakristo, wakulima, wanaongea Kiswahili kilichonyooka mpaka kinatutia haya sisi wa hapa. Melkiori hajui kuendesha. Alinunua gari ili Yusto aendeshe, wabebe maharage na ndizi na abiria wa kwenda sokoni. Wanakaa kiwanja kimoja, jiko mbili. Yusto anaishi nyuma ya nyumba ya kaka yake pamoja na mkewe na mtoto mchanga. Hayo yote niliyajua baadaye, lakini nawaambia sasa ili msipotee.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki: gari inakwenda vizuri, halafu njiani taa ya joto la bwati inaanza kupepesa, gari inakataa kupanda vitesi, injini inapiga kelele kama inakanyagwa. Ukizima na kuwasha, imepona. Fundi wa kwanza kule akabadilisha mafuta. Wa pili akatoa bwati akaweka nyingine ya mtumba. Wapi! Yale yale. Na kila fundi akishindwa anasema neno rahisi: labda shofa anaendesha vibaya.

Melkiori alikuwa amelibeba hilo neno mpaka Gitega. Hakungoja hata niweke kitambaa begani. Mbele yenu, mbele ya wateja, mbele ya mama anayetuuzia uji, akasema kwa sauti:

"Mzee, gari ni langu, dereva ni huyu mdogo wangu. Bwati moja kashaniulia, hii ya pili anaimalizia."

"Kaka, mimi sijaua kitu," Yusto akasema.

"Nyamaza, naongea na fundi. Anakimbiza gari, anazidisha mzigo, akifika nyumbani anasema taa imewaka tu. Sasa leo ndiyo mwisho. Fundi ukiniambia bwati imekufa tena, gari nauza vyuma, na huyu arudi Tanzania alikozaliwa. Kwangu hakanyagi."

Wenye kukaa Muyinga mnajua neno hilo linavyouma. "Rudini Tanzania" ndiyo tusi ambalo jirani mbaya huwatupia waliorudi wakigombania mpaka wa shamba. Sasa linatoka kwenye mdomo wa kaka, mbele za watu, kwa kijana ambaye mtoto wake bado hajaota meno. Yusto alitazama chini tu, akawa anafunga na kufungua zipu ya jaketi lake. Mi niliona aibu, aibu ya kweli, kana kwamba mi ndiye nimelisema.

Nikamwambia Melkiori, "Bon, bwana. Hapa tunatibu gari. Kaa pale, kunywa uji."

Nikauliza swali la Mzee Kassim, mkono wa mwisho ni wa nani, na Melkiori akaruka: "Wa huyu! Nani mwingine anagusa gari?" Ukimuuliza mtu mwenye hasira, anakupa hasira, hakupi jibu. Volani, yaani usukani, ilikuwa kushoto kama inavyotakiwa kwetu, dashibodi imekaa vizuri, sikuiwazia.

Gari niliiacha ipoe mpaka kesho yake. Vijana, msipime kapta ya joto kwenye gari iliyotoka safari, mtadanganyika. Asubuhi kabla hatujaiwasha nikachomeka valizi, ile mashine ya kusomea makosa. Gari iliyolala usiku mzima, maji ya injini, hewa na mafuta ya bwati vyote vinatakiwa kusema joto moja, baridi ya Gitega ya asubuhi. Vilisema moja. Kapta iko salama. Nikaingia chini, magoti yakilalamika, nikachomoa soketi ya bwati. Namba ya valizi ikaanguka kwenye baridi ambayo nchi hii haijawahi kuiona. Nikaunganisha zile tundu mbili kwa kipande cha waya, namba ikapanda kwenye moto. Maana yake kompyuta inasikia vizuri. Nikapima kapta yenyewe kwa testa, baridi, halafu injini ikichemka: inashuka taratibu kama kwenye sufuria ya chai. Nikatikisa waya zote ninazoziona chini. Hakuna kitu. Gari nzima ilikuwa inanitazama kama mtoto aliyeiba sukari, mdomo umefutwa.

Melkiori akaja, mikono nyuma. "Kwa hiyo kidude ni kizima?"

"Ego, ni kizima."

"Basi ni bwati. Basi ni yeye."

"Mi sijasema hivyo."

"Utasema tu."

Hapo ndipo nilipochoka, vijana. Mgongo ulikuwa unauma, na ningeweza kabisa kusema bwati imekufa, wakaondoka, nikaenda kuswali. Hakuna ambaye angenilaumu, mafundi wawili walishasema. Lakini nilimwona yule kijana amesimama kwenye geti, hakula tangu jana, anatazama mdomo wangu. Nikasema, "Yusto, taa inawaka wapi?"

"Njiani, mzee. Kwenye makona."

"Makona gani?"

Akafikiri. Hakuna aliyewahi kumuuliza, nilimwona usoni. Mafundi wote walikuwa wanaongea na mwenye gari, na mwenye gari haendeshi. "Sijui, mzee. Yale makali. Tukishuka kuelekea mto Ruvubu, na tukiingia Karuzi. Sokoni mjini haiwaki hata siku moja."

"Twende barabarani."

Tukashika njia ya Mutoyi, maana ina makona ya kutosha. Yusto kwenye volani, mi kulia na valizi mapajani, Melkiori nyuma, hakukubali kubaki. Nataka mjue kwamba yule kijana aliendesha kama amebeba mayai. Aliachia mguu kabla ya kila mteremko, alipunguza kwa waendesha baiskeli wa ndizi. Nilikuwa naangalia mguu wake kuliko barabara. Mtu anayeua bwati haendeshi vile, hata akijua anatazamwa, maana mguu una mazoea yake.

Kona za kulia, namba imetulia. Kona ya kushoto nyepesi, imetulia. Halafu ikaja kona kali ya kushoto, Yusto akazungusha volani, na namba ikaruka kutoka joto la kawaida mpaka moto wa juu kabisa, papo hapo. Taa ikaanza kupepesa. Injini ikalia.

"Si unaona!" Melkiori akapiga kiti changu kwa nyuma. "Si unaona! Imekufa tena! Mkononi mwake!"

"Nyamaza, bwana," nikamwambia, na nilisema vibaya, sikutumia adabu. "Nyamaza uone. Nyumbani unachemsha maharage?"

"Maharage?"

"Sufuria ya maharage inachemka kwa kufumba jicho?"

Akasogea mbele, akachungulia valizi.

"Mafuta ya bwati ni lita nyingi. Hayawezi kuwa vuguvugu hapa na kuwa moto pale mbele kwenye mti. Hayajachemka. Mtu anamdanganya kompyuta. Na akishadanganywa anabaki na hofu mpaka uzime gari."

Yusto alisimamisha gari pembeni. "Mzee, umeona?" akasema. "Umeona mwenyewe kwamba sikufanya kitu?"

"Nimeona, mwanangu."

Akageuza uso dirishani. Nyuma, Melkiori akakohoa, akasema eti kukohoa ni vumbi.

Tuliporudi gereji nikafanya kitu ambacho nilitakiwa kukifanya tangu asubuhi, lakini nani hufanya? Gari ikiwa kwa fundi, matairi yamenyooka. Nikawasha, nikamwambia Yusto azungushe volani kushoto mpaka mwisho. Namba ikaruka motoni. Nyoosha. Ikarudi. Kushoto tena. Motoni. Vijana mlisogea wote, hata mama wa uji alisogea. Nikaingia chini nikachomoa soketi ya bwati kabisa, ili kapta isiwe na neno. Volani ikiwa imenyooka, namba ikaanguka baridi, kama kawaida. Volani kushoto, ikaruka motoni, na kapta haimo! Hapo mchezo umeisha. Waya kati ya soketi na kompyuta unagusa chuma, na unaogusisha ni volani.

Nikaondoa kifuniko chini ya dashibodi, nikaingiza tochi na kichwa, miguu nje. Nikaona. Gari hii ilitoka Japani volani kulia. Mtu aliihamisha kushoto. Kompyuta ilikuwa imekaa upande ule wa kushoto, ikabidi isogezwe kulia ipishe volani, na waya zake hazikufika. Zikakatwa, zikaongezwa kwa kusokotwa na kufungwa teipu nyeusi, fungu zima likapitishwa kando ya nondo ya volani. Kwa nje, kazi safi kabisa. Ndani, kile kifundo cha nondo kilikuwa kinasugua fungu lile kila volani ikienda kushoto sana. Kilishakula teipu, kikala ngozi ya waya mmoja, shaba inang'aa. Waya wa kapta ya bwati. Ukigusa tu, kompyuta inaona moto.

Nilitoka nikakaa kwenye ndoo. Nikauliza polepole, "Volani hii nani aliihamisha?"

Yusto alijua jibu. Angeweza kulisema kwa sauti, na haki angekuwa nayo. Alitazama viatu vyake.

Melkiori akavua kofia. "Mimi. Nilimlipa fundi," akasema.

"Shida ilianza kabla au baada?"

"Baada, mzee. Sikuyaunganisha hayo mawili." Halafu, bila mtu kumuuliza, akaanza kueleza. "Tulipolileta, kila tukipita watu walikuwa wanacheka, wale Watanzania na usukani wao wa kulia. Abiria wanasema, hawa hata kukaa kama sisi hawajui. Nikasema basi, tumerudi, tuwe kama wenzetu. Yusto alinikatalia. Alisema gari tuliache lilivyozaliwa. Nikamwambia wewe unapenda kuitwa mgeni."

Mi nilikuwa nimejiandaa kumkasirikia yule mtu, hasira ilikuwa tayari, nimeipasha moto tangu jana. Ikaniishia. Nilimwona tu mzee mwenzangu aliyetaka asichekwe sokoni.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Niliutoa ule waya, nikauunga kwa risasi ya kulehemu, nikauvalisha bomba la plastiki, nikahamisha fungu lote mbali na nondo na kulifunga kwenye chuma cha dashibodi. Viungo vingine vilivyosokotwa nikavilehemu vyote, maana jirani wa mgonjwa naye ni mgonjwa. Tukarudi njia ya Mutoyi, kona ile ile, kushoto mpaka mwisho. Namba haikutikisika. Bwati ya mtumba ilikuwa nzima, na ile ya kwanza waliyoitupa, Mungu anajua, nadhani nayo ilikuwa nzima.

Tuliporudi, Melkiori alimnong'oneza Yusto kitu, akamshika kiwiko kumvuta nyuma ya lile lori bovu, mahali pasipo na watu. Mi nimechoka, sikutaka kuingia katika mambo ya watu. Lakini mdomo wangu una tabia zake.

"Melkiori," nikamwita. "Kwetu hapa neno lililosemwa mbele za watu halirudishwi chumbani."

Akasimama. Alinitazama kwa muda kama anayetaka kunitukana. Halafu akarudi katikati ya kiwanja cha gereji, kofia mkononi, vijana wote mmesimama mnajifanya mnafuta spana. Akasema:

"Jana nilimsema mdogo wangu hapa. Nilisema ameua gari. Hakuua. Aliyeua ni mimi. Yusto, nisamehe."

Yusto aliufungua mkono wa kaka yake akaweka ufunguo wa gari ndani yake. Si kwa hasira. Kwa adabu, mikono miwili.

"Nimesikia, kaka. Gari limepona, tafuta dereva. Mimi nitapanda basi nimfuate mke wangu, tufungashe vitu."

"Mfungashe muende wapi?"

"Si ulisema turudi?"

Melkiori, mtu mkubwa vile, alianza kulia mbele yetu, bila kujificha uso, machozi yanaingia kwenye masharubu. Mama wa uji akageuka akaanza kukoroga sufuria iliyokuwa tupu.

"Yusto," akasema mwishoni, "twende nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Melkiori alijifuta uso kwa kofia.

"Kwetu," akasema. "Kwetu, mdogo wangu."

Yusto aliutazama ule ufunguo kwenye kiganja cha kaka yake, akautazama sana. Halafu akauchukua, akafungua mlango wa kushoto, akaingia kwenye volani, na akanyoosha mkono kumfungulia kaka yake mlango wa mbele.

"Haya, panda, kaka," akasema. "Mtoto atakuwa amelala tukichelewa."